Usiruke kidonge eti kwa sababu unajisikia poa

Kama wewe ama mtu wako ameambiwa ana CML, ile lukemia sugu (saratani ya damu), nisikize kidogo juu mimi niko mwaka wa sita nayo.

Ilinianzia na tumbo kujaa upande wa kushoto, nakula githeri nusu sahani nimeshiba, kumbe ni wengu limevimba. Kupimwa damu seli nyeupe ziko 240,000 na kawaida hazifai kupita kama 11,000. Daktari akanieleza kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande, hapo ikatokea protini inaitwa BCR-ABL, inaamrisha seli nyeupe zizaliane bila kupumzika. Kidonge nilichopewa ni imatinibu, yenye iliidhinishwa Marekani 2001, inaenda kuziba hiyo protini yenyewe. Miligramu 400 kila siku. Wengu likarudi chini, nikarudi kazini Gikomba.

Sasa hapo ndio shida. Mwaka wa pili nilikuwa najisikia mzima kabisa na kidonge cha asubuhi kinanipatia kichefuchefu ndani ya matatu, nikaanza kuruka Jumatatu, baadaye na Alhamisi. Kipimo cha PCR, kile cha damu cha kuangalia BCR-ABL imebaki kiasi gani, kilikuwa 0.08 kwa mia, kikapanda hadi 0.9. Daktari akaniuliza kama nakosa dawa nikasema hapana. Tafadhali usifanye hivyo! Yeye akiamini unakunywa na namba inapanda, atafikiri ugonjwa umeizoea dawa, unaweza badilishiwa dawa bila sababu na ile ya kwanza bado ingekufanyia kazi. Nilirudi wiki iliyofuata nikamwambia ukweli.

Mama mmoja tulikaa naye kwa benchi ya kliniki ndiye aliniokoa, akaniambia niulize kama naweza hamishia usiku, nimeze nikishakula vizuri na glasi kubwa ya maji. Daktari akakubali, kichefuchefu kikapungua sana, macho kuvimba asubuhi bado lakini nimezoea. Lakini usichukue hii ya kwangu kama uko kwa nilotinibu, dawa nyingine ya CML, hiyo inataka tumbo tupu, masaa 2 kabla na saa 1 baada. Na balungi achana nayo, dawa za mitishamba pia usionje kabla hujauliza, na kama ni mwanamke unapanga mtoto ongea na daktari mapema kabla ya kushika mimba.

Namba ilirudi chini ya 0.1 baada ya miezi 8. Hadi leo alamu inalia saa tatu usiku, sahani ya ugali ikiwa bado mezani.