Jibu: Soli zinabanduka tangu ninunue mashine ya kubana

Salaam ndugu yangu. Unasema sandali zako zilikuwa imara ulipogonga kwa nyundo, ila tangu ununue mashine ya kubana, soli zinabanduka baada ya wiki mbili. Kabla ya mashine, angalia soli yenyewe: uliacha mpira wa tairi ukahamia PVC, yaani plastiki laini? Hapa soko la Kariokor, Nairobi, niliharibu kazi kwa kosa hilohilo. Gundi ya neoprini, ile ya kawaida ya viatu, hushika tairi vizuri, lakini PVC ina vilainishi, kemikali za kuilainisha, vinavyoidhoofisha gundi hiyo polepole. Ukibandua utaikuta inavutika kama chingamu. Kwa PVC tumia gundi ya PU (poliurethani). Ngozi nayo ipige msasa mpaka mng'ao wote utoke, na usibane gundi ikiwa mbichi. Iguse: isiponata kidoleni, ipashe moto, ubane papo hapo.