Mchungwa wa uani usisubiri uvuke bati

Ninyi mnaoanza kupanda michungwa na milimao uani, iwe Mtwara Mjini, Mikindani au Masasi, nawaomba mshike hili mapema: urefu wa mti hudhibitiwa ukiwa bado mdogo. Ukishavuka bati la nyumba mtauendea kwa panga, na hapo kazi inakuwa kubwa kuliko mti wenyewe.

Mchungwa uliokatwa kichwa kwa mkupuo hutoa rundo la machipukizi chini ya jeraha, yote yakikimbilia juu. Yatazameni kwa karibu: kijiti kibichi chenye pembe tatu badala ya kuwa mviringo, majani makubwa kupita kawaida, miiba mirefu. Hayo huchukua muda mrefu kabla ya kuzaa, na mti unarudia urefu ule ule. Yakiwa na urefu wa kidole yanang'oka kwa gumba tu, kwa hiyo msimu wa mvua piteni kuyakagua kila wiki.

Wengi wetu huku kupogolea tumekujulia kwenye mikorosho, ambako matawi ya chini hufyekwa ili mtu apite kupalilia na kuokota korosho. Jamani, msiuhamishie mchungwa mazoea hayo! Matawi yake ya chini huzaa vizuri, yako karibu na mkono, na ndiyo yanayolikinga shina na jua. Toeni yanayogusa udongo, basi. Tena mchungwa huweka sehemu kubwa ya akiba yake ya chakula kwenye majani, hivyo msiondoe zaidi ya robo yake kwa mwaka. Mti uliokwisha kuwa mrefu ushusheni taratibu, kwa miaka mitatu hivi.

Tawi refu likateni pale linapoungana na tawi dogo linaloelekea pembeni, bila kuacha kisiki. Gome lililozoea kivuli likianikwa ghafla kwenye jua letu huungua na kupasuka. Lipakeni chokaa iliyokorogwa na maji.

Kwa miche ya kubebesha, yaani iliyounganishwa juu ya shina la mti mwingine, tafuteni kovu la kiungo karibu na ardhi. Chochote kinachochipua chini yake ni cha shina la kubebeshea, mara nyingi mlimao. Kikiachwa hutawala, ndipo utasikia mtu akilalamika kwamba mchungwa wake umegeuka.

Kazi ya msumeno fanyeni mkishachuma, kabla ya mvua za Novemba au Desemba, maana mvua hizo huamsha maua, na tawi lenye maua likikatwa matunda yamekwenda. Milimao na midimu huzaa karibu mwaka mzima, hiyo ipunguzeni kidogo kidogo.

Mkikuta kiota cha sisimizi waitwao maji moto kwenye majani yaliyoshonwa, kama tawi halisumbui liacheni. Wanauma sana, lakini huwinda wadudu wanaofyonza matunda.