Picha ya droni inakatika nyuma ya minazi: ninunue amplifaya?

SWALI: Ninapima mashamba ya mikarafuu kisiwani Pemba kwa droni ndogo ya mapanga manne. Sanduku limeandikwa kilomita 10, lakini nikiirusha kwa kimo cha mita 80, picha inaganda ikifika kilomita moja na ushei, ingawa droni bado inatii rimoti. Mmoja ameniambia ninunue amplifaya ya rimoti, mwingine moduli ya redio ya megahezi 915 kutoka Marekani, wa tatu niweke laini ya simu. Nifuate ushauri upi? – Msomaji, Wete

JIBU: Ndugu yangu, usinunue chochote kwanza. Kwa namna ulivyoeleza, tatizo ni miti, na miti huishindi kwa amplifaya.

Tupige hesabu. Droni iko juu mita 80, mbele yako kilomita 1.2. Mstari ulionyooka kutoka mkononi mwako hadi kwake unapanda polepole mno: mita 100 mbele yako, umeinuka kama mita nane tu kutoka ardhini. Mnazi uliokomaa unapita mita 20, na mkarafuu wa zamani unapita 10. Maana yake mawimbi yako yanatoboa majani tangu mwanzo wa safari. Droni ikiwa umbali wa mita 300 tu, mstari huo mahali palepale uko mita 28 hivi, juu ya vilele vya minazi, ndiyo maana droni ikiwa karibu huoni shida yoyote. Mvua ikinyesha mambo huzidi kuwa mabaya, kwa sababu majani yaliyolowa hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4 kuliko majani makavu, na ya gigahezi 5.8 ndiyo huumia zaidi (hayo ndiyo masafa mawili ambayo droni nyingi hutumia).

Hata ukiiona droni kwa macho, bado haitoshi. Mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba. Yanahitaji nafasi wazi pande zote za mstari huo, ambayo wahandisi huiita eneo la Fresnel. Kwa gigahezi 2.4 na umbali wako wa kilomita 1.2, nafasi hiyo katikati ya njia ni kama mita sita kila upande, na tunapenda angalau asilimia 60 yake isiguswe na kitu. Droni inayoonekana kwa kupenya upenyo kati ya makuti mawili, kwa redio ni droni iliyojificha.

Kwa nini basi picha inaganda na rimoti bado inafanya kazi? Amri za rimoti ni data kidogo sana, kilobiti chache kwa sekunde. Picha inahitaji megabiti kadhaa, na ili ipite lazima ipewe mkanda mpana wa masafa. Ukiupanua mkanda mara kumi, kelele, yaani mawimbi yasiyotakiwa yanayoingia kwenye kipokezi, inapanda desibeli 10, ndiyo kusema mara kumi, hivyo picha inadai mawimbi yenye nguvu zaidi ili isikike juu ya kelele hiyo. Yakififia, picha ndiyo ya kwanza kuondoka.

Sasa amplifaya. Picha inatoka kwenye droni kuja kwako, lakini amplifaya ya kawaida ya rimoti inakuza kile unachotuma wewe, yaani upande ambao tayari unafika! Hata kama ingekuza pande zote mbili, mahali peupe kabisa unahitaji nguvu mara nne ili upate umbali mara mbili tu. Tena unaweza kuvuka kikomo cha nguvu kinachoruhusiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Zile kilomita 10 za sanduku zilipimwa mahali peupe, pasipo Wi-Fi ya mtu mwingine, na mara nyingi kwa kanuni za Marekani, ambazo kwenye gigahezi 2.4 zinaruhusu kisambazaji cha hadi wati 1. Ulaya kikomo ni miliwati 100 pamoja na ukuzaji wa antena. Droni nyingi husoma GPS na kujipangia kiwango cha nchi zilipo, kwa hiyo huenda yako haijawahi kutumia nguvu iliyoleta namba ile ya sandukuni.

Moduli ya megahezi 915 nakusihi uiache. Marekani mkanda wa 902 hadi 928 uko huru kwa vifaa vya namna hii, kwetu sivyo. Megahezi 890 hadi 915 ndipo simu za GSM zinapozungumza na minara, na droni ikiwa angani inaonekana na minara mingi kwa wakati mmoja. Ungewavurugia watu mawasiliano kijiji kizima, pengine na mama anayeipigia simu zahanati usiku.

Laini ya simu si wazo baya kwa taarifa ndogo kama mahali droni ilipo na kiasi cha betri. Ila antena za minara zimeinamishwa kuelekea ardhini waliko watu. Juu, droni inapata masalia ya mawimbi kutoka minara kadhaa, inarukaruka kati ya mmoja na mwingine, na picha inakwamakwama.

Ningekuwa wewe, ningehamisha mahali pa kurushia. Pemba ni vilima na mabonde, kwa hiyo panda mgongo wa kilima, na ukiweza uwe katikati ya eneo unalopima badala ya pembeni. Hapo umbali wa mbali kabisa unapungua kwa nusu bila kutumia hata shilingi. Antena za rimoti usizielekeze ncha zake kwenye droni, kwa sababu nchani ndiko mawimbi hutoka kwa uchache kabisa. Ubavu wake ndio uitazame.

Halafu, kwa upimaji huhitaji picha hai muda wote. Ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zinazopeleka damu hospitalini Rwanda tangu 2016 hufuata njia iliyopangwa, hazimsubiri mtu aziongoze kwa kutazama skrini. Ya kwako pia hubeba njia yake na kupiga picha zake yenyewe. Lakini kuirusha usikoweza kuiona kwa macho kunataka idhini mahsusi ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, na kwa kilomita 1.2 droni ndogo huioni, kwa hiyo gawa shamba vipande vifupi.

Mwisho, angalia mpangilio wa kurudi nyumbani mawasiliano yakikatika. Kimo chake huhesabiwa kutoka pale uliporushia. Ukirusha ukiwa bondeni na kuweka mita 40, kilima cha mita 30 chenye minazi juu yake kinatosha kuiangusha.