Vitatange wametulia: wamenizoea?

SWALI: Mimi huzamia kwa miwani kwenye mwamba uleule kila mwaka. Zamani vitatange, wale samaki wadogo bapa wa matumbawe, walikuwa wagomvi, kutwa kufukuzana. Safari hii matumbawe mengi yamekuwa meupe, na vitatange wamepoa kabisa. Lakini chewa na pono wakiniona tu, hao! Je, vitatange wamenizoea, na hawa wengine bado?

JIBU: Kosa lako nimelifanya kabla yako. Ninalo daftari la plastiki la kuandikia chini ya maji, na ukurasa mmoja unasema: "Vitatange: amani." Amani gani! Ilikuwa njaa.

Vitatange wengi hula matumbawe hai, wakidonoa kwa kile kimdomo kilichochongoka. Mara nyingi huishi wawili wawili, dume na jike, na jozi ina eneo lake. Jirani akivuka mpaka, mwenyeji huinamisha kichwa, husimamisha miiba ya mgongoni, kisha humtimua. Kutimuana huko kunakula nguvu. Sasa maji yakizidi joto, tumbawe hutema mwani wadogo wanaolilisha. Hugeuka jeupe, na joto likidumu hufa. Kitatange alinde shamba gani tena? Mtafiti Sally Keith na wenzake waliwatazama vitatange wa aina 38 kwenye miamba 17 ya Indo-Pasifiki, yaani eneo la Bahari ya Hindi na Pasifiki, kabla na baada ya joto la bahari la mwaka 2016. Ugomvi ulipungua kwa theluthi mbili.

Chewa na pono ni habari nyingine. Hao ndio wanaochomwa mishale, na wanakumbuka. Penye uvuvi wa bunduki za mishale hutoroka ungali mbali. Penye hifadhi ya kweli unaweza kumkaribia chewa hadi ukamwona akizungusha jicho. Woga huo tunaupima hivi, kwa umbali anaotorokea samaki: unamwogelea samaki moja kwa moja, mwendo mmoja, akikurupuka unadondosha kizito chini yako, unakwenda kuweka kingine pale alipokuwa, halafu futi kamba inasema. Mimi nawaamini samaki kuliko kibao cha "Hifadhi".

Hukuuliza kuhusu boti, ila nitalisema maana wengi hulisahau. Pale Lizard Island, Australia, boti za injini zilipokuwa zikipita, samaki wadogo wa jamii ya kifuu walishtukia adui wakiwa wamechelewa, na walioliwa walikuwa zaidi ya maradufu. Kwa hiyo kama unafika mwambani kwa injini, izime, subiri kidogo ndipo ushuke.

Ukishuka, chagua jozi moja ya vitatange uifuate kwa dakika tano, kwa mbali. Hesabu wamefukuza mara ngapi na wamedonoa mara ngapi, na tumbawe walilodonoa lilikuwa la rangi au jeupe. Rudi mwezi ujao uhesabu tena, kisha niandikie.