Kumbukumbu za Swichi Zinazofutika Umeme Ukikatika

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia swichi za Cisco (vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao) katika shule ya bweni. Umeme ukikatika, kumbukumbu zote za matukio hufutika. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kumbukumbu hizo hukaa katika sehemu ndogo ya RAM (hifadhi ya muda ya kifaa), ambayo hupoteza kila kitu swichi inapozimika na ambayo, hata umeme ukiwapo, ikijaa hufuta ujumbe wa zamani ili kupokea mpya. Zielekeze kwenye seva ya sislogi, yaani kompyuta inayopokea na kutunza kumbukumbu hizo, kwa amri ya logging host ikifuatiwa na anwani ya seva hiyo. Ujumbe una ngazi 8 za uzito, kuanzia 0 ya dharura hadi 7 ya uchunguzi wa kina. Kwa shule ninapendekeza ngazi ya 5, inayoonyesha swichi ilipowaka upya na mipangilio ilipobadilishwa. Usisahau kulinganisha saa za swichi zote kwa NTP (itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao), kwa maana ujumbe wenye saa ya uongo hupotosha uchunguzi mzima. Kwa kawaida ujumbe husafiri kwa UDP (njia ya kutuma data mtandaoni), poti ya 514, bila uthibitisho wa kupokewa; kwa hiyo acha swichi iendelee kuhifadhi nakala yake.