Wadogo zangu wa fildi, acheni kukimbilia rauta

Kila msimu wa fildi hapa Mbeya hali ni ile ile: laptop iko kwenye Wi-Fi, kijana anachomeka waya wa mtandao, kurasa zinagoma, anazima Wi-Fi, anawasha, kisha mkono unaenda kwenye rauta. Nawapenda wadogo zangu, lakini hili linanichosha.

1. Kwenye Windows, fungua Command Prompt, anza na amri ya `route print`, inayoonyesha njia za mtandao. Ukiona mistari miwili ya 0.0.0.0, laptop ina njia mbili za kutokea na itashika yenye metriki ndogo, yaani namba ya kipaumbele cha njia. Ndogo ndiyo inayoshinda, siyo kubwa. Windows hujipangia kwa kuangalia spidi ya kiungo. Waya wa gigabiti kwenye Windows 10 hupewa 25. Haiulizi kama huko mbele kuna intaneti.

2. Getiwei, yaani anwani ya mlango wa kutokea kwenda intaneti. Hapa ndipo mnaponiumiza. Juzi kijana alitumwa ofisi moja Mwanjelwa kuseti rekoda ya kamera. Akaupa waya IP (anwani ya mtandao) ya kuandika kwa mkono, 192.168.1.50, sawa kabisa. Kisanduku cha getiwei akakiona kitupu, akajaza IP ya rekoda. Jamani, rekoda haimtoi mtu kwenda intaneti! Metriki ya waya ikaishinda ya Wi-Fi, kila kitu kikaelekezwa kwenye rekoda na kuishia hapo. Taa za tundu la waya zinapepesa vizuri, alama ya Wi-Fi imejaa, naye akaamua kosa ni la mtoa huduma. Akazima rauta. Mhasibu alikuwa katikati ya kuwasilisha ritani, siku ya mwisho, na fomu ndefu ikapotea yote. Rauta ikawaka, mambo yale yale, akaizima tena. Mama wa watu akashika kichwa. Kijana aliponipigia nikamwambia: futa getiwei, acha IP na sabneti maski (namba ya mipaka ya sabneti, yaani mtandao wa ndani). Intaneti ikarudi pale pale, na rekoda ikaendelea kufunguka, maana vilivyo kwenye sabneti moja havihitaji getiwei.

Ila kama anwani za Wi-Fi nazo zinaanza na 192.168.1, sabneti zitagongana. Zima Wi-Fi kwanza umalize kazi. Hapo tu ndipo nawaruhusu.

3. Ukitaka kupanga metriki kwa mkono kwenye Windows: fungua `ncpa.cpl` (orodha ya miunganisho), sifa za IPv4, mipangilio ya ziada, ondoa tiki ya otomatiki, andika namba yako. IPv6 ina yake.

4. Wa Linux, NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, huupa waya metriki 100 na Wi-Fi 600. Wa Mac, pangeni mfuatano wa huduma za mtandao, ipi itangulie.

5. Faili ulilolianza kushusha kwa hotspoti ya simu halihamii kwenye waya kwa sababu umechomeka. Muunganisho uliokwisha funguka hubaki na anwani yake, unaendelea kula bando. Simamisha, kata hotspoti, ndipo uanze kushusha upya.