Kisumu ina saa zake, zifuate

Mwaka wangu wa kwanza Kisumu sikuupenda mji huu. Nilihamia kutoka Nakuru kwa ajili ya kazi, nikiwa mtu wa sweta asubuhi na chai ya moto, na kila nilipotoka kwenda kuujua mji nilirudi shati limeloa na kichwa kinagonga. Nilikuwa natoka saa saba mchana. Jirani yangu, mama anayeuza samaki, alinitazama kwa wiki kadhaa mpaka akanihurumia. "Mwanangu," akaniambia, "hili jua ni la kukaushia omena. Toka asubuhi, ama ungoje upepo." Omena ni wale dagaa wa Ziwa Victoria, ziwa lililo kando ya mji huu.

Ushauri wangu kwa yeyote anayehamia hapa, au anayeishi hapa na bado hajauonja utamu wa mji huu, umetoka kwenye maneno hayo. Kisumu si ngumu kupendeka. Ila kila mahali pana saa yake, na ukifika saa isiyo yake utaondoka ukilalamika bure.

Huo upepo ni kitu halisi, mama hakuwa ananipoza moyo. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda juu, na hewa ya ziwani iliyo baridi kidogo huingia kuchukua nafasi. Nyumbani kwangu nauona kwenye pazia, saa nane au saa tisa hivi, linapoanza kujaa na kulegea. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda majini. Mashua za tanga zimeutegemea mpango huo vizazi na vizazi: hutoka na upepo wa nchi kavu, hurudi na wa ziwa.

Sasa, ukiwa na asubuhi moja tu ya mapumziko kwa wiki, ipeleke Dunga, ufuo wa wavuvi. Panda bodaboda au tuktuk mapema, uwe ufukweni kufikia saa moja. Waliotega nyavu usiku wanarudi, na kina mama wameshasimama na mabeseni. Nilijifunza kununua samaki kwa hasara. Siku moja nilinunua ngege, yaani tilapia, alasiri, mahali pengine mjini, nikaambiwa ametoka majini muda huohuo. Nilipomkata nyumbani harufu ikanifukuza jikoni. Jirani yangu alinipeleka Dunga Jumamosi iliyofuata akanifundisha kwa kidole chake. Alimbonyeza samaki ubavuni: nyama ikainuka papo hapo, haikuacha shimo. Akafunua mashavu: mekundu kama damu, hayana utelezi wa kahawia. Jicho limetuna na linang'aa. "Lililozama ni la jana," akasema, akaendelea mbele bila hata kuuliza bei. Uliza pia samaki ametoka wapi, maana siku hizi wako wanaofugwa kwenye vizimba ziwani na wako wa barafu waliosafiri kutoka China. Wote wanaliwa, lakini bei haipaswi kuwa moja.

Ukishanunua, usikimbilie nyumbani. Kando ya ufuo kuna kinamasi cha mafunjo, na wapo vijana wa hapo wanaotembeza wageni kwa mashua. Patana bei kabla ya kupanda. Humo ndani kuna kimya kinachoshangaza ukikumbuka kelele za mtaa wa Kondele, na kuna ndege wadogo wasioishi popote isipokuwa kwenye mafunjo. Ndiyo maana naumia kila nikiona yamefyekwa au kuchomwa. Mafunjo yakiisha, ndege hao hawana pa kuhamia. Nakuomba jambo moja: usiingize miguu mitupu majini hata kama maji yanakuita. Kichocho kipo katika ziwa hili.

Jumapili ni ya Kibuye. Soko hufunguliwa siku zote, ila Jumapili linafurika mpaka nje, kuanzia mitumba, vitanda na kabati za mafundi hadi mboga za saga, mrenda na managu zilizochumwa alfajiri. Nenda kabla ya saa tatu. Omena jinunulie kwa debe dogo kabla ya mwezi wa nne, kwa sababu kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wake hufungwa ili wazaane, na bei hupanda. Waliokauka vizuri huvunjika vidoleni kwa mlio.

Saa sita hadi saa tisa tafuta kivuli, hasa ukiwa na watoto. Mimi huwapeleka wangu Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Wao hukimbilia nyoka na mamba. Mimi hukaa kwenye boma la Kijaluo lililojengwa humo, nikiangalia jinsi nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inavyolikabili lango. Ukishalielewa boma lile, safari ya Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyo karibu kilomita 30 kutoka mjini kwa barabara ya Bondo, itakuwa na maana kwako, kwa kuwa jina lenyewe ni jiwe la mke wa kwanza.

Jioni ni ya Hippo Point, hapo ufukweni mwa ziwa. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na kutoka pale unaliona likishuka upande wa ziwa lote. Fika saa kumi na mbili kasoro, ukiwa na njugu zako kwenye karatasi. Likishazama, ondoka kwenye nyasi za ufukweni. Viboko hutoka kula giza likiingia, na hakuna anayemshinda mbio kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini.

Siku za mvua mpango huu wote hubadilika. Mawingu hujikusanya upande wa vilima vya Nandi wakati wa alasiri, na upepo unapogeuka ghafla ukaja na harufu ya udongo, una dakika chache tu. Siku hizo sitoki kabisa. Jirani huleta mahindi, mimi nawasha jiko barazani, na ngege wa asubuhi anangoja nyanya na vitunguu. Tunakula ugali huku mabati yakipiga kelele kiasi cha kutolazimu mazungumzo, na mvua ikikatika, mara nyingi kabla ya saa mbili usiku, mtaa mzima hutoka nje kuota hewa.